Nimeweka async kila mahali, mbona tovuti imezidi kuganda?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina tovuti ya kuagizia dagaa na samaki wa mwaloni Kirumba; wateja wangu wako Shinyanga, Kahama, hata Dodoma. Nimeiandika kwa Python, juu ya FastAPI, zana ya kutengenezea tovuti na huduma za mtandao. Mchana haina neno. Lakini alfajiri boti zikitua na oda zikamiminika, mtu mmoja akibonyeza Lipa, wengine wote wanabaki kutazama kiduara kinazunguka. Rafiki yangu akaniambia dawa ni async, neno la Python la kuzifanya kazi zipishane badala ya kungojana. Nikaiweka kwenye kila fanksheni, ndiyo kwanza ikazidi kuganda. Ninunue seva kubwa, au nihamie Node, ile inayoendesha JavaScript kwenye seva? Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya seva iweke kwanza, na Node usihamie, maana utahama na tatizo lako. Nimeusoma msimbo uliouambatanisha. Ugonjwa uko hapa:

    async def lipa(oda: dict):
        jibu = requests.post(anwani_ya_malipo, json=oda)

Futa neno async kwenye mstari wa kwanza, usiguse kingine, na tovuti itapata nafuu leo leo. Najua inashangaza, wewe uliliongeza hilo neno ili mambo yaende kasi. Iko hivi. Fanksheni ikiwa ni def ya kawaida, yaani bila async, FastAPI haiiamini: inaipeleka pembeni kwenye nyuzi za akiba (uzi ni kama kibarua mmoja ndani ya programu), ambazo kwa kawaida ni 40, ikasubiri huko bila kumsumbua mtu. Ukiandika async def umeipa FastAPI ahadi: "hii iendeshe kwenye uzi mkuu, ikifika mahali pa kusubiri itapisha yenyewe." Sasa maktaba ya requests, hiyo unayotumia kutuma maombi ya mtandao, haijui kupisha. Ikishatuma ombi kwa kampuni ya malipo, inaukalia uzi mkuu mpaka jibu lirudi. Na kwa kuwa Uvicorn, seva inayoiendesha FastAPI yako, usipoiambia vingine inaendesha mchakato mmoja tu, hakuna wa kumsaidia. Mteja wa Kahama anayetaka kuangalia bei tu naye anasimama.

Wewe ni mtu wa mwaloni, tuliangalie kwa macho ya huko. Mama anayekausha dagaa akishawaanika, hakai hapo kuwatolea macho. Jua linafanya kazi yake, yeye anaenda kupokea mzigo mwingine, anahesabu madebe, anarudi kuwageuza muda ukifika. Mtu mmoja, anika tano, na hakuna anayelala. Hiyo ndiyo asinkroni nzima: kazi inayosubiri kitu cha nje, iwe mtandao, hifadhidata au kampuni ya malipo, haihitaji mtu wa kuisimamia. Neno await maana yake ni "nimeshaanika, nipo kwa kazi nyingine, niiteni wakikauka." Wewe umemwajiri mama huyo, kisha ukamfunga kamba kwenye anika la kwanza.

Kufuta async ni huduma ya kwanza tu. Nyuzi 40 zikijaa watu wanaolipa, wa 41 anaganda vilevile. Dawa yenyewe ni kutumia maktaba inayojua kupisha, mfano httpx:

    async def lipa(oda: dict):
        jibu = await mteja.post(anwani_ya_malipo, json=oda)

Huyo mteja ni httpx.AsyncClient. Mtengeneze mara moja programu inapowaka, si kila ombi likiingia, la sivyo utakuwa unafungua muunganisho mpya kila mara bure. Na usisahau await. Ukiisahau, ombi halitumwi kabisa. Python inakuachia onyo dogo kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, kwamba kuna kazi haikusubiriwa, na wewe unabaki kushangaa hela haziingii. Faida nyingine: requests usipoiwekea ukomo wa muda itasubiri mpaka kiama, wakati httpx inakata baada ya sekunde 5 kama hukuiambia vingine. Kwa malipo sekunde 5 ni chache, ongeza kidogo, ila ukomo uwepo.

Angalia na hifadhidata pia. Nimeona unatumia psycopg2, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, na yenyewe haipishi. Hamia asyncpg au psycopg ya 3 kwa njia yake ya asinkroni. Kama huna muda wiki hii, acha fanksheni zote zinazogusa hifadhidata ziwe def ya kawaida. Kuchanganya def na async def kwenye programu moja si aibu. Aibu ni async def yenye kitu kisichopisha ndani yake.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hata ukisahihisha yote hayo, mpangilio wako wa malipo bado una kasoro. Unamshikilia mteja kwenye ukurasa mpaka aweke namba ya siri kwenye simu na kampuni ithibitishe. Mteja huyo yuko kwenye basi, simu iko mfukoni, mtandao unakuja na kuondoka. Usimngoje. Pokea oda, iandike kwenye hifadhidata ikiwa na hali ya "inasubiri malipo", tuma ombi la malipo, mrudishie mteja namba ya oda saa hiyohiyo. Kampuni ya malipo ikimaliza, itaigonga anwani yako yenyewe na matokeo; hapo ndipo unabadilisha hali kuwa "imelipwa" na kumtumia ujumbe. Ukurasa wa mteja uulize hali ya oda kila baada ya sekunde chache. Na uwe tayari taarifa ileile kuletwa mara mbili, ni jambo la kawaida kabisa kwenye malipo. Namba ya muamala iwe na sharti la kutojirudia kwenye jedwali, usije ukapakia magunia mawili kwa malipo ya moja.

Kuna kazi ambazo asinkroni haizisaidii hata ufanyeje. Dagaa anakaushwa na jua, lakini sangara hajikati minofu mwenyewe. Hapo kuna kisu na mkono, na mkono ukiwa kwenye kisu hauwezi kuwa kwingine. Kwako kisu ni ile fanksheni ya kupunguza ukubwa wa picha za samaki. Hiyo haisubiri kitu, inakula prosesa. Ukiiacha kwenye uzi mkuu, kila picha inayopakiwa inawasimamisha wote, uwe na await mia. Itoe nje, iende kwenye mchakato mwingine unaochukua kazi kwenye foleni, mteja apate jibu kwanza na picha ndogo itafuata.

Kuhusu Node: Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009 kwa wazo hilihili la uzi mmoja unaopishana kazi, na ukiandika readFileSync, agizo lake la kusoma faili lisilopisha, ndani ya ombi utaganda kama ulivyoganda Nyegezi. Async na await zenyewe si mali ya lugha moja. C# ilikuwa nazo 2012, Python 3.5 ikazipata 2015, JavaScript 2017. Unachokijua kwenye Python kinatosha.

Ukishapona, utaanza kuona raha yake. Ukurasa wako wa mbele unachukua bei za leo, hali ya hewa ya ziwa na oda za mteja, kimoja baada ya kingine. Ukivianzisha kwa pamoja kwa asyncio.gather, ukurasa unasubiri kile kilicho kizito peke yake badala ya jumla ya vyote vitatu. Ila raha hiyo ina ulevi. Mimi niliwahi kuitumia gather kutuma ujumbe wa simu 800 kwa mpigo mmoja, nikijisifu, na kampuni iliyokuwa inatutumia ujumbe ikadhani tunawashambulia, ikatufungia mpaka kesho yake. Wateja 800, na nusu yao hawakupata chochote. Siku hizi naweka asyncio.Semaphore, kidhibiti cha idadi ya kazi zinazopita kwa wakati mmoja, zipite kumi kumi.

Usiniamini kwa maneno. Washa seva yako ukiwa umeweka PYTHONASYNCIODEBUG=1, na kila kitakachoukalia uzi mkuu zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kitaandikwa kwenye logi, pamoja na muda wake. Mchana usihangaike nayo, haitakuonyesha kitu. Subiri siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kweli na boti zikirudi zimejaa, uiwashe saa kumi na moja alfajiri, uizime saa tatu, kisha nitumie ulichokiona.