Mbona ninasahau niliyoyasoma juzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hukesha nikisoma kabla ya mtihani, lakini baada ya siku mbili sikumbuki hata nusu. Je, ubongo wangu una kasoro?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Hauna kasoro. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba sehemu kubwa ya yaliyokaririwa hupotea ndani ya saa ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kukesha ndiko ninakokulaumu, kwa kuwa ni wakati wa usingizi ambapo ubongo huimarisha kumbukumbu changa. Soma kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukijiuliza maswali huku daftari limefungwa.