Je, nzi wa kompyuta anahisi chochote?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa biolojia wa kidato cha tatu. Nilipokuwa nikifundisha mfumo wa neva, niliwaeleza wanafunzi kwamba wanasayansi wamechora ubongo mzima wa nzi wa matunda na kuuiga kwenye kompyuta. Mmoja akauliza kama nzi huyo anahisi, na kama kuizima programu hiyo ni sawa na kumuua. Darasa zima lilicheka, lakini mimi nilikosa jibu. Naomba mnisaidie.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo linalowagombanisha wanafalsafa na wataalamu wa ubongo hadi sasa, kwa hiyo usione haya kukosa jibu. Tuanze na kile hasa kilichofanyika, kwa sababu habari za namna hii hunenepa kila zinapopita midomoni mwa watu.

Mwezi Oktoba 2024, watafiti wa mradi uitwao FlyWire walichapisha ramani ya ubongo wa nzi jike mmoja, wa aina ile ile inayozunguka ndizi zilizoiva jikoni kwako. Ubongo huo, ambao ni mdogo kuliko punje ya ulezi, ulikatwa vipande zaidi ya 7,000, kila kipande kikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni, na picha hizo zikaunganishwa hadi zikapatikana seli za neva 139,255 pamoja na maungio yake yapatayo milioni 50. Kundi mojawapo likaitumia ramani hiyo kutengeneza programu inayofuatisha jinsi ishara inavyopita kutoka seli moja hadi nyingine. Walipoziamsha seli zinazoonja sukari, ishara ilisafiri hadi kwenye neva inayomfanya nzi anyooshe mrija wake ili anyonye. Walipoamsha pamoja nazo seli zinazoonja uchungu, ishara ile ikafifia. Nzi halisi hufanya vivyo hivyo: mguse kwa tone la maji ya sukari naye atautoa mrija, ila ukilitia tone hilo kitu kichungu atasita.

Hiyo ni kazi kubwa, tena mimi huistaajabia, lakini angalia yaliyoachwa nje. Seli zote za programu hiyo zimepewa kanuni moja, ingawa katika nzi hai zinatofautiana sana. Usipoigusa, programu iko kimya kabisa, ilhali ubongo wa kiumbe hai hautulii hata akiwa usingizini. Njaa haimo, kwa maana kwamba aliyeshiba na aliyeshinda bila kula ni nzi yule yule mmoja. Haijifunzi kitu, haina miguu wala tumbo, na kemikali zinazobadilisha hali ya ubongo mzima hazimo. Kwa maoni yangu, kilichopo hapo ni mchoro wa nyaya uliotiwa umeme kidogo, na sioni mahali ambapo hisia ingekaa. Kumbuka pia kwamba mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, mwenye seli za neva 302 tu, alichorewa ramani yake tangu 1986, na mpaka leo hakuna aliyemuiga kikamilifu kwenye kompyuta.

Sasa, tuseme siku moja hayo yote yataongezwa. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Mwanafalsafa John Searle wa Marekani alishikilia kwamba kuiga kitu si kukifanya kiwepo, kwani mvua ya kompyuta haimloweshi mtu. Hoja hiyo inavutia, ila haitoshi, kwa sababu si kila kitu ni kama mvua: jumla inayotolewa na kikokotoo ni jumla kweli, wala si igizo la jumla. Swali basi ni kama fahamu, yaani ule uwezo wa kuhisi, ni ya jamii ya mvua au ya jamii ya hesabu. Wanaosema kinachohesabika ni kazi inayofanyika, bila kujali kama inafanywa na nyama au na silikoni, wataikubali fahamu ya nzi wa kompyuta endapo uigaji umekamilika. Mtaalamu wa ubongo Giulio Tononi, kwa upande wake, anaihusisha fahamu na jinsi sehemu za kitu chenyewe zinavyoathiriana, na kwa nadharia yake kompyuta za kawaida hazitakuwa na fahamu ya maana hata zikiuiga ubongo seli kwa seli. Mimi naelemea kidogo upande wa hesabu, lakini nisingemlaumu anayesimama upande wa pili.

Tena hata nzi halisi bado ana mjadala wake. Aprili 2024 wanasayansi na wanafalsafa kadhaa walitia saini tamko mjini New York, wakisema kuna uwezekano wa kweli kwamba wadudu nao wana fahamu. Hawakusema kwamba limethibitishwa.

Kuhusu kuua, mwambie mwanafunzi wako kwamba programu ikizimwa faili zake hubaki, na hali yake ikihifadhiwa, kesho inaweza kuwashwa pale pale ilipoachwa, kwa hiyo kuizima kunafanana zaidi na usingizi kuliko kifo. Ikiwa siku moja programu ya namna hiyo itaweza kuhisi, jambo la kuulizwa kwanza litakuwa yale inayotendewa ikiwa imewashwa, maana mtafiti anaweza kuziamsha zile seli zinazoonja uchungu mara elfu kumi kwa usiku mmoja, naye akaenda zake kulala.