Maswali ya Wasomaji: Nimenyimwa leseni ya teksi Uingereza, je, naadhibiwa mara mbili?

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na huu ni mwaka wa tisa nikiishi kaskazini mwa Uingereza, ambako nafanya kazi ya usiku katika ghala. Mwaka huu niliomba leseni ya kuendesha gari la kukodi kwa oda katika halmashauri ya mji wetu. Nilifaulu mtihani wa Kiingereza na ule wa kuijua mitaa, lakini kamati ikanikatalia kwa sababu miaka mitatu iliyopita mahakama ilinitia hatiani kwa kushika simu nikiendesha. Wanasema pia kwamba sikuitaja hukumu hiyo kwenye fomu. Mimi niliona ni faini tu, na faini nimeshalipa. Nina watoto watatu na kodi ya nyumba imepanda. Rafiki zangu wananishauri nikaombe Wolverhampton, ambako madereva wa miji mingine hupata leseni. Je, halmashauri ina haki ya kuniadhibu mara ya pili kwa kosa lile lile?
Dereva, kaskazini mwa Uingereza

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na uchungu wako nimeuona. Hata hivyo lazima nianze na hilo neno “kuadhibu”, kwa kuwa wengi wa wanaotuandikia kuhusu jambo hili hujikwaa hapo. Adhabu uliipata mahakamani na ikaisha siku ulipolipa faini. Kamati ya leseni ilikuwa na swali jingine kabisa mbele yake, nalo ni kama abiria asiyekujua anaweza kukaa katika kiti chako cha nyuma akiwa salama. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1976, inayotumika England na Wales nje ya London, inaikataza halmashauri kumpa mtu leseni ya udereva wa aina hii mpaka iridhike kwamba mtu huyo anafaa na ni mwadilifu. Mzigo wa kuiridhisha uko mabegani mwa mwombaji, na penye shaka, halmashauri haitakiwi kuamua kwa faida ya mwombaji.

Sisi tuliotoka Kenya tumezoea NTSA, na wenzetu wa Tanzania wamezoea LATRA, yaani mamlaka moja ya taifa. Kule uliko, madaraka haya yamekuwa mikononi mwa miji tangu enzi za magari ya farasi, na sheria ya mwaka 1847 bado inatajwa hadi leo kuhusu teksi zinazosimamishwa barabarani. Ndiyo maana mitihani, ada na masharti hutofautiana baina ya miji miwili iliyo jirani. Mimi naona tofauti hizo zimezidi kiasi, na zinawaumiza watu wasio na wa kuwaelekeza. Lakini msingi wa uamuzi ni mmoja kila mahali.

Msingi huo umewekwa wazi katika viwango ambavyo serikali kuu ilivitoa Julai 2020, ambavyo halmashauri zinapaswa kuvizingatia. Anayeamua anatakiwa ajiulize, bila chuki wala upendeleo, kama angekubali mtu anayempenda asafiri peke yake katika gari la dereva huyu, saa yoyote ya mchana au usiku. Ukitaka kujua kwa nini swali hilo limekaziwa hivyo, kumbuka yaliyotokea Rotherham. Ripoti ya uchunguzi huru ya Profesa Alexis Jay ya mwaka 2014 ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono mjini humo kati ya 1997 na 2013, na miongoni mwa mambo yaliyojirudia katika ushahidi ni kuhusika kwa baadhi ya madereva wa teksi. Mwaka uliofuata, ukaguzi wa Louise Casey ulionyesha kwamba halmashauri ile ilikuwa imeshindwa kusimamia leseni zake. Tangu hapo, diwani anayekaa kwenye kamati anajua kwamba sahihi yake inaweza kumfungulia mlango mtu asiyestahili kuwa peke yake na mtoto wa mwenzake.

Kuhusu watoto wako na kodi ya nyumba, nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa kwetu mbele ya kamati, naye shauri lake lilikuwa la simu kama lako. Chumba kilikuwa kidogo, madiwani watatu upande mmoja wa meza, mwanasheria wa halmashauri pembeni, jagi la maji katikati. Diwani mmoja alimwuliza kama siku ile kulikuwa na mtu mwingine ndani ya gari. Kijana akaanza kueleza habari za karo na madeni. Mwanasheria akainua mkono taratibu, akawakumbusha madiwani kwamba hayo hawaruhusiwi kuyatia kwenye mizani, na diwani akalirudia swali lake neno kwa neno. Kijana akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma. Leseni hakuipata siku ile. Aliipata miaka miwili baadaye, mbele ya kamati ile ile, na kukiri kwake kulikuwa kumeandikwa kwenye jalada.

Mwanasheria yule hakuwa akijitungia kanuni. Katika kesi ya Leeds ya mwaka 2002, Mahakama Kuu iliamua kwamba shida za maisha za dereva hazimhusu mwenye kuamua, isipokuwa mara chache pale zinapoeleza kwa nini kosa lilitendeka. Kanuni hiyo ni nzito kwa baba mwenye watoto watatu, lakini siwezi kusema si ya haki, maana abiria naye ana watoto.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Viwango vya 2020 vinataka ipite miaka 5 tangu hukumu ya kushika simu, au tangu kumalizika kwa adhabu au marufuku ya kuendesha, kutegemea lipi lilichelewa zaidi. Kwa ulevi barabarani ni miaka 7, kwa makosa ya kutumia nguvu ni miaka 10, na mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono hapewi kabisa. Halmashauri inaweza kutoka nje ya vipindi hivyo kwa sababu nzuri, kwa kuwa kila shauri lazima lipimwe lenyewe. Hata hivyo, kwako wewe lililoharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile fomu. Madereva wa teksi wameondolewa katika kinga ya sheria ya mwaka 1974 inayomruhusu mtu kunyamazia hukumu za zamani, na kwa hiyo faini iliyolipwa bado ni ya kutajwa. Halmashauri huiona katika kumbukumbu za leseni yako ya kawaida ya udereva. Ikiiona yenyewe kabla hujaisema, inaanza kujiuliza ni lipi jingine ulilolificha, hata kama ulisahau kwa nia njema.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri ukimbilie Wolverhampton. Ni kweli kwamba halmashauri hiyo imewapa leseni madereva wengi wanaoishi na kufanya kazi mbali nayo, na sheria haijakataza. Lakini sheria ya mwaka 2022 inazitaka halmashauri za England kuingiza katika daftari la pamoja majina ya waliokataliwa au kunyang’anywa leseni kwa sababu za usalama, na kulipekua daftari hilo kabla ya kumpa mtu yeyote leseni. Fomu nayo itakuuliza kama umewahi kukataliwa, na ukilificha hilo utajikuta umerudia kosa la ile fomu ya kwanza.

Una siku 21 tangu ulipopewa taarifa ya uamuzi kukata rufaa katika mahakama ya mahakimu. Mahakama italisikiliza shauri upya, lakini itaipa uzito sera ya halmashauri, na ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama. Muone mwanasheria wa leseni kabla siku hizo hazijaisha. Kwa haya uliyonieleza, ningekuwa wewe ningesubiri miaka miwili iliyobaki, nikaandika maelezo yangu ya tukio lile bila kujitetea, na kuyaambatanisha na ombi jipya. Angalia pia kama uliwahi kurudi nyumbani na kukaa miezi mitatu mfululizo au zaidi, maana utaombwa cheti cha tabia njema cha Kenya. Kiombe mapema DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa sababu jalada lisilo na cheti hicho halifiki mezani.

SWALI: Mume wangu amepata leseni ya udereva wa magari ya kukodi kwa oda na sasa tunataka kununua gari la viti saba. Halmashauri itaangalia nini? Nami je, naweza kulitumia kuwapeleka watoto shule asubuhi, yeye akiwa amelala?
Mama Salma, Midlands

JIBU: Mama Salma, tafadhali msilipe hata senti ya gari kabla hamjaisoma sera ya magari ya halmashauri yenu. Sheria inataka gari lifae kwa aina, ukubwa na muundo, liwe salama na la starehe, lisifanane na teksi ya barabarani, na liwe na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Umri wa gari, moshi wake na giza la vioo huamuliwa na kila halmashauri, na nimewahi kupokea barua ya familia iliyonunua gari zuri likakataliwa kwa vioo vya nyuma tu. Leseni ya gari haizidi mwaka mmoja, na halmashauri inaweza kulikagua hadi mara tatu katika mwaka huo. Hakikisheni pia kwamba dereva, gari na kampuni inayompa kazi vyote vina leseni za halmashauri moja.

Kuhusu shule, jibu litakuudhi. Nje ya London, gari likishapewa leseni ya kukodiwa kwa oda huhesabiwa hivyo saa zote, hata likiwa limeegeshwa mlangoni siku ya mapumziko, na asiye na leseni ya udereva wa magari hayo haruhusiwi kuliendesha. Ukiwapeleka watoto shule kwa gari hilo utakuwa umevunja sheria, na mumeo naye, kwa kukuachia funguo, ataweka leseni yake hatarini. Kama mna gari dogo la zamani, msiliuze bado.