Shangazi, mama mkwe anamlisha mwanangu mayai kwa kificho

"Shikamoo shangazi. Nina mtoto wa kwanza, miezi nane. Katikati ya Januari mama mkwe alikuja kutoka Singida kunisaidia maana dada wa kazi aliondoka. Nilishasema mapema mwanangu haguswi na yai mpaka atimize mwaka, kwenye grupu letu la kinamama wanasema yai linaleta aleji na mtoto anachelewa kuongea. Juzi namwaga taka nikakuta maganda ya mayai yamefungwa kwenye gazeti, chini kabisa ya ndoo. Nilipombana akasema anampa tangu wiki ya pili. Na mtoto sasa ana vipele shingoni na mgongoni! Chakula kingine hana shida nacho, uji wa lishe anakunywa, Krismasi alilamba mpaka keki akawa anacheka. Uzito Desemba na Januari ulikuwa umesimama ila mwezi huu kaongeza gramu 400, namshukuru Mungu uji umeanza kufanya kazi. Mume wangu amenyamaza tu. Nataka mama arudi kwao, mume akikataa nitarudi kwetu mimi. Mama J, Mbagala."

Marahaba mwanangu. Pole, najua kugundua mambo ya mtoto wako kwenye ndoo ya taka kunauma, hiyo sikatai. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia namuona huyo mama wa Singida anakaa vizuri zaidi kuliko wewe.

Tuanze na uzito. Uji ni ule ule, sufuria ile ile, unga ule ule tangu mtoto ameanza kula, Desemba haujafanya kazi, Januari haujafanya kazi, halafu Februari ndio uamke? Nini kimebadilika hapo kati? Kimebadilika kitu kimoja, bibi yake amefika na mayai yamefika. Siwezi kuapa kwamba ni yai peke yake, labda na kulishwa kwa utulivu na mtu ambaye hana haraka ya kuwahi daladala, lakini gramu 400 umempa sifa uji na bibi umemtafutia nauli.

Tena huo uji. Kwenye unga wako wa lishe kuna nini? Najua tunavyosagisha, mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga. Sasa karanga na soya nazo zimo kwenye vyakula vinavyoongoza kwa aleji kwa watoto, umempa vyote siku moja kwenye kikombe kimoja na hukuogopa. Na keki ya Krismasi unadhani ilipikwa na nini? Ni kweli yai la ndani ya keki limeokwa sana, watoto wengi wenye aleji hulivumilia kuliko la kuchemsha, lakini ni yai, na mkono uliompa ni wako. Kwa hiyo mwanangu tatizo lako sio yai.

Vipele sasa. Mtoto ana shingo nene yenye mikunjo, Mbagala, Februari, usiku umeme ukikatika feni imesimama. Ya shingoni na mgongoni mara nyingi ni harara tu. Aleji ya yai haina tabia ya kusubiri wiki, kwa kawaida inajitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula, ngozi inavimba mabaka mabaka kama mtu aliyeguswa na upupu, midomo au macho yanavimba, anatapika. Akianza kukoroma kifuani, kuhangaika kupumua au kulegea, hapo husubiri mume arudi wala huulizi grupu, unambeba unakimbia hospitali. Wewe hujaniandikia hata kimoja kati ya hivyo, umeniandikia vipele tu. Hata hivyo mpeleke kliniki wamtazame, uwaambie ukweli wote na mayai uyataje.

Huo ushauri wa kusubiri haukutoka hewani, nikutendee haki. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mtoto wa ukoo wenye aleji asubiri yai mpaka afike miaka miwili. Mwaka 2008 wenyewe wakaurudisha nyuma, hawakupata ushahidi kwamba kuchelewesha kunamkinga mtoto, na utafiti uliofuata ukaelekea upande wa pili, anayeanza mapema ndio mwenye nafuu. Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2023 unasema kuanzia miezi sita mtoto apate vyakula vya wanyama kila siku, mayai yamo. Na la kuchelewa kuongea nimelisikia tangu sijavunja ungo. Mimi mimba yangu ya kwanza nilinyimwa mayai eti mtoto atazaliwa kipara, nikawa nawakaangia wanaume wa nyumba nzima huku mate yananidondoka, nikirudi jikoni nakula ugali na mchicha. Mama mkwe wangu alikuwa ananificha mayai mimi, wako anayaficha ili ampe mwanao, na wewe ndio unayelia? Nchi hii kwa hesabu za 2022 watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na nyumba nyingi zina kuku uani, mayai yanauzwa, mtoto anakunywa uji mweupe.

Kosa la mama nalo lipo, ni kuficha. Ila nijiulize, mwanamke mtu mzima, kalea mpaka kapata mwanaume wewe ukampenda ukaolewa naye, kwa nini afunge maganda kwenye gazeti kama mwizi? Mtu hafichi mpaka ameshafokewa. Wewe hukuniandikia siku ulivyomjibu, ila gazeti limeniambia. Na huyo mume "amenyamaza tu", atasema nini, upande huu mama yake upande huu wewe na begi lako la kurudi kwenu. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, mama mkwe anahukumiwa kabla hajashuka stendi, anatakiwa aje afue nepi na apike ila mdomo auache Singida, na watu wa kwenye simu ambao hujawahi hata kuona sura zao ndio wanakuwa wakwe. Siku mtoto amepata homa saa nane usiku ni nani alimbeba, ni grupu?

Yai lenyewe lipikwe hivi. Chemsha mpaka kiini kigumu kabisa, maji yakishachemka hesabu dakika kumi mpaka kumi na mbili, kiini kinachochuruzika hapana, maana kuna bakteria wa salmonela. Ponda kiini na ute pamoja, lainisha kwa maziwa yako au uji, kusiwe na kipande cha kumkaba. Anayeanza anapewa nusu kijiko cha chai, asubuhi, mkiwa macho mnamtazama, siku hiyo usichanganye na chakula kingine kipya, kisha unaongeza taratibu. Wako ameshavuka huko. Ile tabia ya kuvunjia yai bichi kwenye uji ukishaepuliwa muache, haliivi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyewahi kuvimba kwa chakula chochote, huyo daktari kwanza.

Leo ukitoka kazini pitia dukani uchukue trei moja ya mayai, usimtume mtu. Ukifika mpe mama mkononi, mwambie, "Mama nilikosa, nifundishe unavyomlisha maana na mimi akila nataka nimuone." Kesho asubuhi amka mapema nusu saa, ukae nao jikoni. Na ukitoka kliniki mwezi ujao niandikie kadi inasemaje.