Swali moja zuri katikati ya mhadhara

Mhadhiri akisema tu kwamba amechoka kuongea peke yake saa nzima, atamwagiwa orodha: kazi za vikundi, maigizo, miradi, video za kutazama kabla ya kipindi, michezo ya kwenye simu. Nimefundisha fizikia ya mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, katika kumbi ambazo waliokaa nyuma huwaoni hata sura, na anayeniomba ushauri humwambia aiweke orodha hiyo kando. Ashike mbinu moja mpaka aimudu. Mimi ningeanza na swali la kupigiwa kura.

Aliyeipa mbinu hii umaarufu ni Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa maswali mazito bila taabu, ila wakiulizwa jambo la msingi kwa maneno ya kawaida wanababaika. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unaeleza wazo moja kwa dakika kumi hivi, kisha unatoa swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mmoja anafikiri kimya na kupiga kura yake. Jibu hulitaji. Unawaambia wamtafute jirani aliyechagua tofauti, wabishane dakika mbili tatu, halafu wapige kura upya. Maelezo yako yanakuja mwisho.

Hili ni mojawapo ninalolitumia kila mwaka. Jiwe limerushwa juu wima. Limefika kileleni, haliendi juu tena na bado halijaanza kushuka. Wakati huo mchapuko wake, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika, ni upi: A, sifuri; B, unaelekea juu; C, unaelekea chini? Kura ya kwanza A huzoa watu wengi. Pita sasa kati ya viti utege sikio. "Si limesimama? Kitu kimesimama, mchapuko unatoka wapi?" Mwenzake anamjibu: "Haya, kama mchapuko ni sifuri, nani atalishusha? Si litaganda hukohuko juu?"

Hilo la kuganda juu sijawahi kulisema vizuri kuliko wao. Kuna sababu: aliyeelewa dakika tano zilizopita bado anakumbuka alipokuwa amekwama, na mimi nimeshasahau zamani. Kwangu mwendo ni kitu kimoja na mchapuko ni kingine, jambo lisilohitaji hata kutajwa. Kwa mwanafunzi mpya vitu hivi viwili vimeshikana, na anayejua pa kuvitenganisha ni yule aliyetoka kuvitenganisha mwenyewe. (Jibu ni C. Mvutano wa dunia haupumziki kileleni.)

Kazi ngumu iko kwenye kutunga swali, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Majibu yasiyo sahihi hayatungwi kwa kubahatisha. Yanatoka vichwani mwa wanafunzi. Chimbo langu ni karatasi za mtihani za miaka iliyopita. Kosa likijirudia kwenye karatasi nyingi, nimepata A yangu. Swali ambalo kila mtu analipata limekula muda bure, na swali ambalo karibu wote wanalikosa linageuza mjadala kuwa kipofu kumwongoza kipofu. Kipimo cha Mazur kinanifaa hadi leo: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ukaeleze upya, wakizidi asilimia 70, fafanua kwa kifupi uendelee, walio katikati ya hapo ndio wa kuwaachia wabishane.

Vifaa visikusumbue. Programu za kura kwenye simu zipo, lakini simu ikishatolewa mfukoni ina mambo yake mengine. Vidole vinatosha: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vikiwa vimewekwa kifuani ili wa nyuma asiibie. Unatupa jicho ukumbini na unapata picha.

Halafu ujifunze kunyamaza. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumhamia mwingine. Wakivumilia hadi tatu, majibu yanarefuka na wanaojitokeza wanaongezeka. Sekunde tatu mbele ya ukumbi uliojaa ni ndefu kweli. Zihesabu moyoni, usimeze maji, usicheze na slaidi.

Kuhusu kazi za vikundi sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anaujua ugonjwa wake: mmoja anakesha, wanne wanaandika majina. Dawa ninayoiamini ni kumpa kila mmoja kipande ambacho wenzake hawana, akisome, kisha aje awafundishe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elliot Aronson, aliianza mbinu hiyo katika shule za Austin, Texas, mwaka 1971, na vyuoni inafanya kazi vilevile. Ufundishaji unaoanzia kwenye tatizo, kama ule ambao Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kiliuanzisha kwa wanafunzi wa udaktari mwishoni mwa miaka ya 1960, ni mzuri sana, ila unadai vikundi vidogo na msimamizi kwa kila kikundi. Ukiwa peke yako na wanafunzi 300, usijitwishe.

Kuna wenzangu wanaoniambia mtaala hautaisha. Kweli, kwa mwendo wa kawaida hautaisha. Mimi hutoa nje ya kipindi yale ambayo mtu anaweza kuyasoma mwenyewe: fasili, historia, mifano rahisi ya kukokotoa. Wanakuja wameyasoma, na jaribio la maswali mawili mlangoni linahakikisha hilo. Hata hivyo sehemu fulani utaikata tu. Ikate. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Scott Freeman, na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: katika madarasa ya mihadhara mitupu waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, na katika madarasa shirikishi karibu 22. Kwa pengo hilo, slaidi kumi zilizoachwa hazinikoseshi usingizi.

Jiandae kwa manung'uniko. Wapo watakaosema mhadhiri hafundishi, anatuachia tufundishane. Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapima wanafunzi wa fizikia na kukuta kwamba waliojifunza kwa kushiriki walipata alama za juu zaidi, huku wao wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangika. Mhadhara mtamu unamfanya msikilizaji aone ameelewa. Kubishana na jirani kunamwonyesha asichokijua, na hakuna anayefurahia hilo. Kwa hiyo nawaeleza matokeo hayo wiki ya kwanza, kabla hawajaanza kulalamika.

Usibadilishe kozi nzima muhula ujao. Chagua kipindi kimoja ambacho wanafunzi hufanya vibaya kila mwaka, punguza robo ya maelezo yako, tunga maswali mawili kutokana na makosa yao ya zamani, na mpe mwenzako wa idara nyingine ayajaribu. Akisita kati ya majibu mawili, swali lina nguvu ya kutosha.