Jibu: kuyeyusha damu iliyoganda mguuni

Dada uliyeuliza kama baba ayeyushiwe damu iliyoganda pajani ili mguu usije ukamsumbua baadaye: mara nyingi haifui dafu. Katika utafiti wa ATTRACT wa Marekani (2017, wagonjwa 692), wote walipata dawa za kuzuia damu kuganda. Baada ya miaka 2, uvimbe na maumivu sugu yaliwapata 47% ya walioyeyushiwa na 48% ya wengine. Kuvuja damu vibaya siku 10 za mwanzo: 1.7% kwa 0.3%. Donge likiwa limepanda hadi nyonga, hapo kuyeyusha hupunguza ukali wa madhara.

Langu lilikuwa nyuma ya goti, nikameza vidonge tu. Nikisimama sana foleni ya feri Likoni, jioni kandambili zaniachia alama za kamba. Muulizeni daktari donge limefika wapi.