Mama Nesi Anajibu: Tone limetoka safi, na karanga je?

Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 38, mama wa watoto watatu, nalima zabibu huku Hombolo. Mwezi uliopita walikuja watu na gari, wakafunga turubai karibu na mnadani, wakawa wanatangaza kwa spika kwamba wanapima saratani ya matiti bila sindano na bila mionzi. Nikatoa shilingi 60,000, hela ya zabibu. Dada mmoja akaniwekea kitambaa cha moto, akanikanda matiti, kisha akabandika kikombe cha plastiki kwenye chuchu na kuvuta kwa bomba. Titi la kulia lilitoa tone dogo. La kushoto alivuta mpaka akachoka, halikutoa kitu. Baada ya wiki mbili nikaletewa karatasi imeandikwa "hakuna chembe za saratani, rudia baada ya mwaka". Je, kipimo hiki ni cha kweli? Na naweza kuachana na ile picha ya titi ya mjini, maana nasikia inabana na kuumiza? Halafu huku kushoto, juu karibu na kwapa, nina kitu kama punje ya karanga. Hakiumi, kipo tangu tulipopogoa. Ila kwa kuwa karatasi imesema niko salama, sina wasiwasi.
Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Karanga umeiweka mkiani mwa barua, mimi naihamishia kichwani. Titi lenye karanga ni la kushoto. Titi lililogoma kutoa tone ni hilo hilo la kushoto. Kwa hiyo karatasi yako, hata tukiiamini kila neno, inazungumzia titi la kulia peke yake. La kushoto hakuna aliyelipima. Wamekuandikia majibu ya kitu ambacho hawakukichukua, na ningekuwa na namba ya huyo dada ningempigia leo hii.

Turudi kwenye kifaa. Si cha kiganga, usione aibu kwamba ulidanganywa na takataka. Kina historia ya heshima. Yule daktari Mgiriki, George Papanicolaou, ambaye kipimo cha mlango wa kizazi mpaka leo kinaitwa kwa kipande cha jina lake, alichapisha na wenzake mwaka 1958 utafiti wa maji yanayotoka kwenye chuchu. Hoja ilikuwa na mantiki: saratani nyingi za titi huanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya mirija ya maziwa, na mirija hiyo inafunguka kwenye chuchu. Basi ukinyonya maji ya mrija, labda utapata chembe zilizobanduka kabla hata uvimbe haujashikika kwa mkono. Miaka ya 1970 daktari wa upasuaji wa California, Otto Sartorius, akaunda kikombe chenye bomba la kuvutia. Hicho ulichobandikwa Hombolo ni mjukuu wake.

Shida ipo kwenye tone lenyewe. Nilikaa miaka mingi kwenye kliniki ya upasuaji, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupokea majimaji ya chuchu kwa akina mama waliokuwa wakitokwa. Unagusisha kioo kwenye tone, unalitandaza kwa kioo cha pili kwa mkupuo mmoja, unatumbukiza kwenye spiriti kali hapo hapo. Hapo hapo! Siku moja niliitwa mlangoni, nikaacha kioo mezani dakika chache tu, na Dodoma unaijua, upepo mkavu wa Agosti unakausha hata mate mdomoni. Kioo kikarudi kutoka maabara kimeandikwa hakifai, chembe zimenyauka. Mama wa watu alikuwa ametoka Mpwapwa kwa basi. Nilimwomba radhi na tukaanza upya, lakini safari hii titi halikutoa kitu. Sasa wewe niambie: pale chini ya turubai, spiriti uliiona?

Hata ukifanya kila kitu sawasawa, chembe ni kiduchu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, uliochukua wanawake 507, ulilinganisha kunyonya kwa kikombe na njia ya pili, ya kupitisha mrija mwembamba kama unywele ndani ya tundu la chuchu, kusukuma maji ya chumvi na kuyavuta tena. Kikombe kilipata chembe kama 120 kwa kawaida. Kuosha mrija kulipata kama 13,500. Watu wakafurahi sana. Ila mwaka 2004 watafiti wakaiosha mirija ya matiti ambayo tayari yalijulikana yana saratani, na zaidi ya nusu yake maji hayakuonyesha dalili. Fikiria hilo: saratani ipo, kifaa kinasema haipo.

Sababu si ngumu kuielewa. Titi lina mafungu 15 hadi 20, kila fungu na mrija wake, kama kichane cha zabibu chenye vikonyo vingi. Mrija unaotoa tone si lazima uwe ule wenye ugonjwa, na wenye ugonjwa mara nyingi umeziba. Tena wapo wanawake wengi wazima kabisa ambao hawatoi tone hata uwavute vipi. Kuna mtafiti aliyeonyesha miaka ya 1970 kwamba jambo hili linaendana na aina ya nta ya masikio: wenye nta ya majimaji hutoa tone kirahisi kuliko wenye nta kavu. Nilipolisikia nilicheka, lakini ni la kweli.

Ndiyo maana Desemba 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwatangazia wanawake wa kwao kwamba kipimo cha kunyonya chuchu hakichukui nafasi ya mamografia, yaani ile picha ya titi ya mjini, na kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi kuwa kikitumika peke yake kinafaa kuchunguza saratani. Hofu yao ilikuwa ni mwanamke kama wewe: anapewa karatasi safi, anarudi shambani.

Sasa utafanya nini. Kupogoa mpaka leo ni miezi isiyopungua mitatu. Karanga isiyoyeyuka baada ya hedhi mbili tatu haisubiri "mwaka kesho". Wiki hii nenda kituo cha afya, mwoneshe daktari au muuguzi kwa kidole, "hapa", uombe rufaa ya kwenda mjini, kwenye hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa. Watakupapasa matiti yote mawili na makwapa. Watakupiga altrasaundi, ile ya jeli baridi kama ya wajawazito. Mamografia wakiitaka, ndiyo, inabana, kwa sekunde chache kila picha. Jitahidi isiangukie siku za kukaribia hedhi, matiti huwa yanauma yenyewe. Kisha sindano. Ikiwa ni nyembamba, inavuta chembe kwenye karanga yenyewe. Ikiwa ni nene, unachomwa ganzi kwanza, na inakata kinyama kwa mlio kama stepla. Nilikuwa nawaambia wagonjwa wangu, "itapiga kah! usiruke." Tofauti na kikombe ni kwamba sindano inaingia palipo na uvimbe, haingoji uvimbe uje kwenye chuchu.

Najua huko kwenu watakwambia saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Nimelisikia mpaka kwa walimu. Wagonjwa waliosambaa niliowapokea walikuwa wale waliokaa nyumbani mwaka na nusu wakikwepa chuma. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba toka siku unapofika kituoni mpaka ujue ni kitu gani zisizidi siku 60. Zihesabu, na wakikupiga kalenda, uliza.

Tena mwanangu, karanga nyingi za umri wako zikipimwa huonekana kuwa uvimbe usio na madhara. Sikutishi. Lakini hilo lisemwe na maabara, lisisemwe na mimi wala karatasi ya turubai. Ukimwona daktari, mwache kwanza akupapase, karatasi hiyo umtolee baadaye, asije naye akalegea.

Mama Nesi, mke wangu alimwachisha mtoto miaka miwili iliyopita, bado akikamua matiti yote mawili yanatoa maziwa. Je, ndiyo dalili ya saratani? Na je, ni kweli wanaume nao wanaugua?
Dereva wa Bajaji, Manyoni

Maziwa, pande zote mbili, tena mpaka akamue: mara nyingi si saratani. Kwanza aache kukamua! Titi likikamuliwa linadhani mtoto bado ananyonya. Apime mimba, ataje kila dawa anayomeza, zikiwemo za uzazi wa mpango, za kuzuia kutapika na za akili, na daktari akiona haja atampima homoni na tezi ya shingo. Akiona damu, au maji maangavu kama ya kisima yanayotoka yenyewe na kulowesha sidiria upande mmoja, asikae.

Wanaume, ndiyo. Kwa wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanaume, na huchelewa kwa sababu haamini ana titi. Hukuuliza swali hilo bure. Ukimsindikiza mkeo, vua shati na wewe.